Samani za Denmark: Miaka 70 na bado hazijachuja

Machi 1955 Julius Nyerere, wakati huo mwalimu wa Pugu na rais wa chama ambacho hakijatimiza hata mwaka mmoja, alifika New York kulieleza Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kwamba Watanganyika wanataka kujitawala. Safari hiyo imeandikwa sana: hotuba aliyotoa, upinzani wa Waingereza, na kazi ya ualimu aliyoiacha aliporudi nyumbani. Ukumbi alimozungumzia hautajwi mara nyingi. Kuta zake zilivikwa fito za mbao zilizosimama wima ili sauti isikike vizuri, na darini palining'inia visanduku vya rangi mbalimbali vilivyostiri mabomba na taa. Viti vya wajumbe vilibuniwa na mtu yuleyule aliyebuni ukumbi mzima, naye ni Finn Juhl, msanifu wa Denmark aliyezaliwa mwaka 1912.

Umoja wa Mataifa ulipojenga makao yake makuu, kumbi tatu kubwa za mabaraza zilikabidhiwa wasanifu wa nchi tatu za Skandinavia. Norway ilipewa ukumbi wa Baraza la Usalama, Sweden ule wa Baraza la Uchumi na Jamii, na Denmark ule wa Udhamini. Ndivyo ilivyotokea kwamba madai ya Tanganyika, na yale ya Ruanda-Urundi iliyokuwa chini ya Ubelgiji, yakasikilizwa ndani ya chumba cha Kidenmark. Baraza lenyewe lilisimamisha shughuli zake mwaka 1994, baada ya Palau, eneo la mwisho lililokuwa chini ya udhamini, kupata uhuru. Ukumbi haukufungwa. Ulikarabatiwa, ukafunguliwa upya mwaka 2013, na mikutano inaendelea humo hadi leo.

Denmark ya wakati ukumbi huo ulipojengwa ilikuwa nchi ya watu wapatao milioni 4 tu, iliyokuwa ikijulikana zaidi kwa siagi na nyama ya nguruwe. Ilikuwa imetoka chini ya ukaliaji wa Wajerumani mwaka 1945, na malighafi zilikuwa za kutafutwa kwa tochi. Hata hivyo, kati ya mwisho wa vita na katikati ya miaka ya 1960, karakana zake zilitoa viti, meza, makabati na taa ambazo hadi sasa zinatengenezwa, zinaigwa na kupiganiwa minadani. Mitindo mingine ya enzi hiyo imekuja na kupita. Hii ya Wadenmark imekataa kuchuja, na sababu zake zinaweza kuelezwa.

Pima kwanza, chora baadaye

Mwanzo wa yote ni darasa. Mwaka 1924 Chuo cha Kifalme cha Sanaa mjini Copenhagen kilianzisha mafunzo ya usanifu wa samani, na mwalimu wake alikuwa Kaare Klint. Wakati huohuo Ujerumani wasanifu wa chuo cha Bauhaus walikuwa wakihubiri kuanza upya kwa mabomba ya chuma na vioo. Klint alishika njia nyingine. Aliwapeleka wanafunzi makumbusho, akawataka wavipime viti vya kale vya Kiingereza, vya Kichina na vya Kimisri, wajue mguu una unene gani, egemeo limelala kiasi gani, na kwa nini fundi wa zamani aliamua hivyo. Kwake yeye, kiti kilichotumiwa kwa karne mbili kilikuwa kimeshafanyiwa majaribio yote. Kazi ya mwanafunzi ilikuwa kupunguza kisichohitajika.

Kitu cha pili alichopima ni mtu mwenyewe: urefu wa paja, kimo cha kiwiko akiwa ameketi, upana wa mabega. Cha tatu ni vitu vya nyumbani. Kabla ya kuchora kabati la vyombo, Klint alihesabu vyombo vya familia, akapima sahani, glasi na vijiko, ndipo akaamua kabati liwe na upana gani. Leo jambo hili linaonekana la kawaida. Wakati ule makabati mengi ya Ulaya yalichongwa kwanza yapendeze ukutani, na mwenye nyumba akajua mwenyewe pa kuweka sahani.

Kiti kimoja cha Klint kina damu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1933 alitoa kiti alichokiita cha safari: miguu na fito za mbao, turubai au ngozi ya kukalia, na mikanda miwili ya ngozi badala ya mikono. Hakina gundi wala parafujo. Kinavunjwa vipande, kinafungwa, kinabebwa, na uzito wa anayekikalia ndio unaokaza viungo vyake. Inaelezwa kwamba Klint alikiona kiti cha namna hiyo katika picha za Martin na Osa Johnson, mtu na mkewe kutoka Marekani waliopiga filamu za wanyamapori na kuishi kwa miaka kadhaa Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Asili yake haikuwa Kenya. Kilikuwa kiti cha maofisa wa jeshi la Waingereza nchini India, kilichoitwa kwa jina la mji wa Roorkee, na kilisambaa popote walipopiga kambi. Klint alikichukua kutoka kwenye hema la mkoloni, akasahihisha vipimo vyake, akakiingiza sebuleni Copenhagen. Kiwanda cha Carl Hansen & Søn kinakitengeneza hadi leo.

Mchoraji na seremala meza moja

Mafunzo peke yake yasingetosha. Katika miaka ya 1920 mafundi seremala wa Copenhagen walikuwa na hofu ambayo fundi yeyote wa leo ataielewa: viwanda vilikuwa vinashusha bei, samani kutoka nje zilikuwa zinaingia, na wateja walikuwa wanahama. Mwaka 1927 chama chao kilianza maonyesho ya kila mwaka. Polepole ikawa desturi kwamba kila fundi mkuu anashirikiana na msanifu kijana na kuleta kitu kipya. Maonyesho hayo yaliendelea hata wakati wa vita, na yalidumu hadi mwaka 1966. Watu walifika kuangalia, magazeti yalisifu na kuponda, na kila aliyeaibika mwaka huu alikuwa na miezi kumi na miwili ya kujirekebisha.

Utaratibu huo ndio ulioitofautisha Denmark. Msanifu hakuweza kuchora jambo lisilochongeka, kwa sababu fundi alikuwa mbele yake akimwambia kwamba mbao itapasuka hapo. Fundi naye hakuweza kurudia kiti cha babu yake, kwa sababu msanifu alikuwa anataka mguu mwembamba zaidi. Juhl, ambaye hakusomea useremala, alimpata fundi Niels Vodder. Bila subira ya Vodder, mikono ya viti vya Juhl, inayojipinda na kubadilika unene kila sentimita, ingebaki kwenye karatasi.

Hans J. Wegner hakuhitaji mtu wa kumweleza mbao. Alizaliwa mwaka 1914 katika mji mdogo wa Tønder, karibu na mpaka wa Ujerumani, baba yake akiwa fundi viatu. Alianza uanagenzi wa useremala akiwa kijana wa miaka 14, na alipoingia masomo ya usanifu Copenhagen tayari mikono yake ilikuwa imezoea randa na patasi. Katika maisha yake alibuni viti zaidi ya 500. Vingi vilibaki sampuli, lakini idadi hiyo inaonyesha namna alivyofikiri. Hakuamini kwamba suala la kiti limekwisha, hivyo alilirudia kila mara kutoka upande mwingine.

Mwaka 1949 ulikuwa wa neema kwenye maonyesho yale. Juhl na Vodder walileta kiti kipana cha mbao na ngozi ambacho kilikuja kuitwa Kiti cha Chifu. Mfalme Frederik IX alipotembelea maonyesho alikikalia, na inasimuliwa kwamba mtu alipopendekeza kiitwe kiti cha mfalme, Juhl alicheka na kusema cha chifu kinatosha. Wegner na fundi wake Johannes Hansen walileta kiti kidogo cha mviringo, chenye mikono na egemeo vilivyoungana kama upinde mmoja. Kwenye toleo la kwanza, maungio ya egemeo yalifichwa kwa kuzungushiwa henzirani. Mwaka uliofuata Wegner aliiondoa, akaunganisha vipande kwa meno yanayoingiliana na kuonekana wazi. Kuanzia hapo kiungo hakikuwa tena siri ya fundi. Kiligeuka pambo pekee la kiti.

Kiti hicho ndicho kilichofika mbali zaidi. Jarida moja la Marekani lilikiweka kwenye jalada mwaka 1950. Miaka 10 baadaye, John F. Kennedy na Richard Nixon walipokutana Chicago katika mdahalo wa kwanza wa wagombea urais kurushwa na televisheni, viti walivyowekewa vilikuwa vya Wegner. Mamilioni ya Wamarekani waliviona usiku ule bila kuambiwa jina la aliyevitengeneza.

Kiti cha mwananchi

Ukiishia kwa wafalme na wagombea urais, utadhani habari hii ni ya anasa. Sehemu yake yenye maana zaidi iko upande mwingine, kwenye maduka ya ushirika.

Denmark ni nchi ya ushirika. Wakulima wake walianzisha viwanda vya maziwa vya pamoja katika karne ya 19, na vyama vya walaji viliungana mwaka 1896 kuwa muungano unaojulikana kwa kifupi FDB. Mizizi ya moyo huo inarudi kwa mchungaji na mshairi N.F.S. Grundtvig, aliyedai kwamba mkulima wa kawaida anastahili elimu ya kumfumbua macho, bila mitihani wala vyeo. Chuo cha kwanza cha wananchi kilichotokana na fikra zake kilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Wazo hilo lilienea Skandinavia, na kupitia Sweden likafika Tanzania katika miaka ya 1970 kama Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambako useremala ni mojawapo ya fani zinazofundishwa. Na Klint yuleyule wa vipimo ndiye aliyemalizia, mwaka 1940, Kanisa la Grundtvig mjini Copenhagen lililosanifiwa na baba yake. Viti vya waumini vya kanisa hilo ni kazi yake.

Kama mkulima anastahili darasa zuri, kwa nini asistahili kiti kizuri? Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, FDB ilifungua idara ya samani na kumkabidhi Børge Mogensen, mwanafunzi wa Klint na rafiki mkubwa wa Wegner. Agizo lilikuwa wazi: samani imara, za bei ambayo familia ya mfanyakazi inaimudu, zinazoingia katika nyumba ndogo za mijini. Mogensen alipima hata mashati yaliyokunjwa ili droo zisiwe na nafasi ya bure. Baadaye, akishirikiana na Grethe Meyer, aliendeleza uchunguzi huo kwa kuangalia nguo na vyombo ambavyo kaya huwa navyo, akatengeneza mfumo wa makabati ya kujengea ukutani.

Mwaka 1947 alitoa kiti namba J39. Kina miguu minne ya mviringo, ubao mmoja mpana wa kuegemea, na sehemu ya kukalia iliyosukwa kwa kamba ya karatasi iliyosokotwa, malighafi iliyopata umaarufu kwa sababu nyasi za kusukia zilikuwa adimu wakati wa vita. Hakuna kitu cha kuondoa wala cha kuongeza. Wadenmark walikiita kiti cha wananchi, na tangu wakati huo kimekaliwa madarasani, makanisani, maktabani na kwenye meza za jikoni.

Urafiki wa Mogensen na Wegner ulizaa pia kitu kidogo cha kupendeza. Mogensen alipopata mtoto wa kiume, Peter, mwaka 1944, Wegner alikosa zawadi ya maana madukani kwa sababu ya uhaba wa vita. Akamtengenezea kiti cha vipande vinne visivyo na rangi, ambavyo mtoto mwenyewe anavipachika bila nyundo wala parafujo. Nacho bado kinatengenezwa.

Kiwanda nacho kinaingia

Arne Jacobsen alikuwa mtu wa namna nyingine. Alikuwa msanifu majengo aliyetaka kusimamia kila kitu kilichomo ndani ya jengo lake, tangu ukuta hadi kijiko. Mwaka 1952 alitoa kwa ajili ya bwalo la chakula la kampuni ya dawa ya Novo kiti chenye miguu mitatu ya chuma na kiwiliwili cha plaiwudi iliyopindwa kwa kipande kimoja, kiunoni chembamba mithili ya mdudu, kikaitwa Siafu. Miaka mitatu baadaye kilifuatiwa na namba 7, chenye miguu minne. Kiti hiki kimetengenezwa kwa tabaka 9 nyembamba za mbao zilizogandishwa na kukandamizwa kwenye mashine. Ni chepesi, kinapangwa kimoja juu ya kingine, na kiwanda cha Fritz Hansen kimekiuza kwa mamilioni.

Kwa hoteli ya SAS mjini Copenhagen, iliyofunguliwa mwaka 1960, Jacobsen alibuni jengo, mapazia, vitasa, taa, uma na visu, pamoja na viti viwili vinavyojulikana duniani kote, Yai na Bata Maji. Wakosoaji wa mjini walilidhihaki jengo lile refu. Leo chumba namba 606 kimehifadhiwa kama Jacobsen alivyokiacha, na vijiko na uma alivyovibuni vilionekana katika filamu ya Stanley Kubrick ya mwaka 1968 kuhusu safari za anga za mwaka 2001. Mtengeneza filamu alitafuta vyombo vya kesho, akavikuta tayari dukani.

Wapo pia waliovunja kabisa utaratibu wa mbao. Poul Kjærholm alitumia chuma kwa heshima ileile ambayo wenzake waliipa mbao. Verner Panton alitengeneza kiti cha plastiki cha kipande kimoja kisicho na mguu wa nyuma, kilichoanza kuzalishwa mwaka 1967. Nanna Ditzel alining'iniza kiti cha kusukwa chenye umbo la yai mwaka 1959. Grete Jalk alipinda plaiwudi kana kwamba anakunja karatasi. Majina ya Ditzel na Jalk, ambao ni wanawake, yalichelewa kupewa nafasi vitabuni, na kazi zao zimerudi sokoni miaka hii ya karibuni.

Taa nayo ni samani

Nchi ambayo Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni haiwezi kupuuza taa. Poul Henningsen, aliyekulia kwenye nuru tulivu ya taa za mafuta, alichukizwa na balbu za umeme zilizoachwa uchi zikichoma macho. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 alifanyia kazi taa yenye vifuniko vitatu, kila kimoja kikiwa na mkunjo uliokokotolewa ili mwanga uteremke mezani na jicho lisiione balbu kamwe. Kampuni ya Louis Poulsen ilizitengeneza. Mwaka 1958 alitoa taa ya PH 5, iliyopewa namba hiyo kwa sababu ya upana wake wa sentimita 50, akilalamika kwamba watengenezaji wa balbu hawaishi kubadilisha maumbo na kwamba yeye ametengeneza taa inayokubali balbu yoyote. Ukipita mtaa wowote wa Copenhagen usiku, ukatazama madirishani, utaiona ikining'inia juu ya meza za chakula.

Kupanda, kushuka, kurudi

Umaarufu wa samani hizi haukuja wenyewe. Kati ya mwaka 1954 na 1957 maonyesho ya usanifu wa Skandinavia yalizunguka miji ya Marekani na Kanada. Edgar Kaufmann Jr. wa Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York alimtangaza Juhl, na kiwanda kimoja cha Michigan kikaanza kutengeneza viti vyake mwaka 1951. Wamarekani waliokuwa wanahamia nyumba mpya za pembezoni mwa miji walitaka kitu kisichofanana na makochi mazito ya wazazi wao.

Mbao iliyopendwa zaidi ilikuwa mtiki kutoka Asia, mti uleule unaopandwa leo Longuza na Mtibwa nchini Tanzania. Kwa wenye fedha zaidi kulikuwa na mbao nyeusi yenye mistari kutoka Brazil, ya mti ambao kitaalamu ni wa jenasi moja na mpingo wetu, Dalbergia. Uchu huo ulikuwa na gharama. Mti wa Brazil uliwekwa mwaka 1992 katika orodha ya juu kabisa ya mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe vilivyo hatarini, na leo hata kabati la mwaka 1960 lililotengenezwa kwa mbao hiyo haliwezi kuvuka mipaka ya nchi kwa biashara bila vibali. Wanaozisifu samani za Denmark kama mfano wa kutunza mazingira wasiisahau sehemu hii.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 upepo uligeuka. Vijana walitaka plastiki, rangi kali na vitu vya kutupa. IKEA kutoka Sweden ilifungua duka lake la kwanza Denmark mwaka 1969. Maonyesho ya maseremala yalikuwa yamekoma, karakana nyingi zilifungwa, na viti vilivyokuwa fahari ya sebule vilipelekwa ghalani. Tangu miaka ya 1990 wakusanyaji, makumbusho na wajukuu wa wanunuzi wa kwanza walianza kuvitoa huko. Mnara wa zamani wa maji wa Tønder sasa ni makumbusho ya viti vya Wegner, mtoto wa fundi viatu wa mji huohuo.

Bei na nakala

Ufufuko huo umeleta kejeli. J39 ya duka la ushirika, iliyokusudiwa mfanyakazi, sasa inauzwa kwa mamia ya euro, na Yai la Jacobsen kwa maelfu. Watengenezaji wanajitetea kwa kuonyesha kazi. Kiti cha Wegner namba CH24, ambacho hakijawahi kusimama kutengenezwa tangu mwaka 1950, kinapitia hatua zaidi ya 100. Mbao ya juu hupindwa kwa mvuke, na msukaji mmoja hutumia takriban mita 120 za kamba ya karatasi kusuka sehemu ya kukalia. Ukilipa ujira wa Denmark kwa kazi hiyo, kiti hakiwezi kuwa cha bei rahisi.

Pengo hilo limejazwa na nakala. Picha mashuhuri ya mwanamitindo Christine Keeler, iliyopigwa na mpiga picha Lewis Morley jijini London mwaka 1963 akiwa amekalia kiti kwa kukigeuza, ndiyo iliyokitangaza kiti namba 7 kuliko tangazo lolote. Lakini kiti chenyewe kilikuwa cha kuiga, chenye tundu lililokatwa kwenye egemeo, na kimehifadhiwa katika makumbusho ya V&A kikiwa hivyohivyo. Uingereza ilibadilisha sheria mwaka 2016, na sasa haki ya mbunifu wa samani za sanaa inalindwa hadi miaka 70 baada ya kifo chake. Kwa Wegner, aliyefariki mwaka 2007, hiyo ni hadi mwisho wa mwaka 2077.

Sheria inalinda jina na umbo, na hilo ni haki. Haiwezi kulinda kile kilichofanya umbo lidumu, kwa sababu hicho si mali ya mtu. Ukimwondolea Wegner jina na bei, linabaki hili: kiti kilichopimwa kwa mwili wa anayekikalia, kilichojadiliwa na mtu anayechora pamoja na mtu anayechonga, na kilichounganishwa kwa namna ambayo fundi mwingine, miaka 50 baadaye, anaweza kukifungua na kukirekebisha. Kamba ya J39 ikichakaa inasukwa upya. Mguu ukilegea unatolewa kwenye tundu lake, unasafishwa, unatiwa gundi na kurudishwa. Viti vingi vya leo vya mbao za kusaga na misumari ya bunduki vikivunjika mara moja, safari yao ni jalalani.

Hata walichoiga Wadenmark kinafundisha. CH24 ilizaliwa kwa Wegner kutazama viti vya Kichina vya enzi ya Ming. Mogensen alitazama viti vya jumuiya ya kidini ya Shaker ya Marekani. Klint alitazama kiti cha jeshi la India. Hakuna aliyeona aibu kuanzia kwenye kazi ya mwingine, na hakuna aliyeiacha ilivyokuwa.

Kwa anayetaka kununua kiti wikendi hii, cha Denmark au cha fundi wa mtaani, majaribio yao yanafanyika bila fedha. Kikalie kwa robo saa, usikikalie kwa dakika moja. Angalia kama miguu yako inafika sakafuni na kama viwiko vimepata pa kupumzika. Kisha kigeuze juu chini, utazame maungio: kama kuna ulimi wa mbao ulioingia kwenye tundu au ni msumari peke yake. Mwisho, muulize aliyekitengeneza atakirekebisha vipi kikilegea. Asiyekuwa na jibu la swali hilo, usimpe pesa yako.